Nyayo Zangu Ziliponyamaza

Nilidhani ni kizunguzungu. Kila nilipofumba macho bafuni nioshe uso, nilipepesuka nikashika ukuta. Nimeishi na kisukari miaka 11 sasa, na usiku nyayo zilikuwa zikiniwaka moto hata shuka siwezi kulivumilia. Siku moja kliniki muuguzi aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa nyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki, nami niseme kila ninapouhisi. Kwenye kidole gumba sikuuhisi kabisa.

Kumbe mguu unaweza kuuma na kufa ganzi kwa wakati mmoja. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu neva, yaani mishipa ya fahamu. Nyayo ndizo zinazouarifu ubongo mwili umeegemea wapi. Zikinyamaza, kazi hiyo huachiwa macho zaidi, ndiyo sababu gizani unayumba. Siku hizi taa ya kwenda msalani haizimwi kwangu.

Maumivu yalinikalisha kitako. Uzito ukaongezeka, mapaja yakalegea, na mzigo wote ukashukia nyayo zisizohisi. Sugu ikaota chini ya kidole gumba. Nakusihi, usiikate kwa wembe. Chini yake huweza kujificha kidonda.

"Tembea upungue," tunaambiwa. Ushauri huo hutolewa haraka mno. Asiyehisi nyayo akaguliwe miguu kwanza. Mimi nilianzia kwenye kiti: kuinuka na kukaa mara 10 bila kujisukuma kwa mikono, halafu kusimama kwa mguu mmoja huku nimeshika meza. Kutembea kulikuja baadaye, kwa viatu vyenye nafasi mbele, ambavyo nilivinunua jioni miguu ikiwa imejaa kidogo. Kilo 6 zilinitoka kwa mwaka mzima. Moto wa usiku haujaisha, lakini kwenye ngazi sitetemeki tena.

Kabla ya kuvaa kiatu napitisha mkono ndani, maana niliwahi kushinda na kokoto kutwa nzima bila habari. Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko. Na kama unameza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, omba upimwe vitamini B12. Upungufu wake nao huleta ganzi, na unatibika.

Ukiona lengelenge au kidonda, au mguu mmoja umevimba, mwekundu na wa moto, hata kama hauumi, usiukanyagie tena. Nenda hospitali siku hiyohiyo.