Ahadi sio hela, usisaini huo mkataba Jumatatu

Usisaini. Umeandika Jumatatu unapeleka adivansi ya ukumbi na unasaini na mtu wa chakula sahani 350, bajeti milioni 22, mkononi mna milioni 4 na laki 6 na kwenye daftari mna ahadi za michango za milioni 17, harusi Desemba, halafu unauliza ukumbi wa Sinza na wa Kigamboni upi bora, sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, iwe wiki moja na harusi au ziachane, na MC alipwe bei gani. Mdogo wangu nimefika kwenye hiyo "ahadi milioni 17" nikamsomea mke wangu kwa sauti, akasema mjibu huyo kijana leo leo kabla hajalala.

Mimi nimeoa Desemba 2021 hapahapa Dar. Kamati ya harusi ilizinduliwa Agosti, mwenyekiti, katibu, mhazini, grupu la WhatsApp lina watu 140, vikao Jumapili jioni. Ahadi zikafika milioni 16 na laki 8, watu 212, majina yote kwenye daftari na namba za simu. Mwenyekiti wetu ni mzee anayeheshimika, ameongoza kamati nyingi kuliko umri wa ndoa yangu, akatuambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Saini kijana, watu wa Dar wanatoa wiki ya mwisho, hii kitu naijua." Nikasaini. Septemba, keshi milioni 3 na laki 9 tu, nikasaini vitu vya milioni 20. Sahani 300 kwa elfu 18 kila moja, hiyo tayari milioni 5 na laki 4. Ukumbi milioni 3 na nusu, mapambo milioni 3, vinywaji milioni 3, ukijumlisha na MC na muziki, picha, keki, magari na matarumbeta hiyo milioni 20 haina hata chenji.

Wiki ya mwisho ikafika. Ni kweli watu walitoa ila sio wote na sio walichoahidi. Aliyeandika laki mbili alituma elfu 50 na meseji ndefu ya kuomba radhi. Aliyeandika laki tano, tena alisimama kikaoni akapigiwa makofi na vigelegele, simu yake ikawa haipatikani kuanzia tarehe 1 mpaka harusi ikaisha. Na mwaka ule tozo ya miamala ya simu ndio ilikuwa imeanza Julai, Septemba wakaipunguza asilimia 30 lakini watu walikuwa bado wana hasira nayo, kwa hiyo kila ukimkumbusha mtu anakwambia "nisitume, tozo inakula, nitakuletea keshi mkononi", na hiyo mkononi mpaka leo naisubiri. Jumla ikaingia milioni 10 na laki 2. Yangu mwenyewe nilikuwa na milioni 3 na nusu. Pengo milioni 6 na laki 3.

Unajua niliziba na nini? Mkopo wa SACCOS ya kazini milioni 6, riba asilimia 10 kwa mwaka flati, yaani inahesabiwa kwenye mkopo wote hata ukishapunguza, miaka miwili, laki tatu kila mwezi inakatwa kabla mshahara haujanifikia, na ile laki tatu iliyobaki akanikopesha kaka. Miezi 24. Mtoto wetu wa kwanza amezaliwa tukiwa bado tunalipa pilau, na mke wangu alijifungua nikiwa naomba elfu 40 ya teksi kwa jirani. Fungate ilikuwa tuende Bagamoyo siku tatu, hatukwenda. Jumatatu asubuhi baada ya harusi kijana wa vinywaji alikuwa mlangoni kwetu Tabata na karatasi ya deni, mke wangu bado ana hina mikononi, ndio alivyoanza maisha ya ndoa, anamkaribisha mdai kiti.

Ila pengo bado sio kosa kubwa, kosa kubwa ni hili na ndio maana nakuandikia usiku huu. Mjini hapa kadi ya mwaliko unapewa ukishachanga. Sasa mtu ambaye hajalipa ahadi yake kadi hana, na hata ukimpa bure anaona haya kuja kukaa mbele ya kamati anayoikwepa simu. Kwa hiyo hela haiji na yeye mwenyewe haji. Lakini sahani yake ulishaisaini Septemba! Siku ya harusi waliingia watu 187. Nilikuwa nimekaa mbele pale na suti, msimamizi wangu ananinong'oneza nitabasamu kwa ajili ya picha, mimi nahesabu meza tupu, meza za nyuma kule zimepambwa maua na mishumaa hazina mtu hata mmoja. Sahani 113 hazikuliwa, mara elfu 18, milioni 2 na elfu 34, chakula kimeondoka kwenye ndoo usiku ule kugawiwa kila aliyekuwa na chombo. Sijataja vinywaji na mapambo ambavyo navyo vilipigiwa hesabu ya watu 300.

Nilijaribu kushusha. Wiki tatu kabla nilimfuata mtu wa chakula nikamwambia tufanye 200, akafungua mkataba akanionyesha kipengele, idadi haishuki ndani ya siku 30. Alikuwa na haki yake, mimi ndio nilisaini bila kusoma kwa sababu mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni anasema tuwahi kikao kingine.

Huyo mzee naomba niseme la moyoni maana nimelibeba muda mrefu. Hakula hela yetu, mhazini alikuwa safi na daftari lilikuwa safi. Lakini mtu mzima unamhimiza kijana asaini deni la milioni 20 kwa majina ya kwenye daftari, halafu pengo likitokea unasema "ndio harusi zilivyo, Mungu atasaidia", wewe mwenyewe ahadi yako ya laki tatu umelipa laki na nusu! Tulikaa vikao 11, baa moja hivi, kila kikao supu na vinywaji vinaandikwa kwa bwana harusi, na harusi ikiisha ikafanyika sherehe ya kuvunja kamati, ambayo nayo ni hela. Nilimuuliza siku ile ya kuvunja kamati, mzee wangu shikamoo, hizi ahadi zilizobaki tunafanyaje, akasema zisahau. Zisahau! Yeye alirudi nyumbani kwake, kumbukumbu ya mkopo ikabaki kwenye hati yangu ya mshahara.

Na nyie ambao najua mtakuja kuandika hapa chini "alitaka sifa huyo", kabla hujaandika fungua simu yako utafute neno "mchango" uone wangapi hujawalipa. Tutaelewana.

Ukitaka kujua kwa nini ahadi haziingii, angalia miezi. Wakristo wengi hawafungi ndoa Kwaresma, Waislamu wengi hawafanyi sherehe Ramadhani, wengine wanasubiri likizo na bonasi, harusi zote zinarundikana Novemba na Desemba. Mtu mmoja mwenye mshahara wa laki sita ana kadi za michango tano mezani, na Januari ada za watoto zinamsubiri. Alipokuahidi Agosti hakukudanganya, alikuwa anakupenda kweli, ila Agosti alikuwa hajaziona kadi nyingine nne. Nawe umesema Desemba.

Mama yangu anasimulia harusi yake Magomeni, turubai mbele ya nyumba, mchango ulikuwa mchele, mbuzi, kuni, mashoga zake kukesha wanamenya vitunguu, majirani kuazima viti na sufuria. Ahadi ya mikono haipotei, shoga akisema nitakuja kupika anakuja kwa sababu nyumba ni ya tatu kutoka kwake. Siku hizi kazi yote ya mikono tumeigeuza kuwa hela, mpishi analipwa, mpambaji analipwa, anayeongoza shughuli analipwa, na sherehe zenyewe zimezaana, posa, mahari, kicheni pati, sendofu, harusi, kuvunja kamati, na watu wa kuchanga ni walewale. Wachaga tumeongeza na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, juu yake, mimi Mchaga nasema mwenyewe.

Sasa kanuni ninayokuomba uishike ni moja. Bajeti yako ni hela iliyopo kwa mhazini leo pamoja na ya kwako uliyoiweka, basi. Ahadi iandike, ishukuru, ila isiingie kwenye hesabu mpaka meseji ya muamala iwe imeingia. Leo una milioni 4 na laki 6, saini vitu vya milioni 4. Idadi ya sahani ni familia za pande zote mbili pamoja na kadi zilizolipiwa, usiongeze hata kichwa kimoja cha matumaini. Mwambie mtu wa chakula tunaanza na 120 na nina ruhusa ya kupandisha mpaka siku saba kabla, aandike hivyo kwenye mkataba na asaini. Atakubali, kupandisha ni biashara kwake. Kushusha ndio hakubali mtu mjini hapa. Na ukumbi hivyohivyo, tafuta wenye sehemu ndogo na kubwa, lipia ndogo, hela ikiingia unahamia kubwa.

Halafu piga hesabu ya kichwa. Milioni 20 yangu kwa watu 300 ni elfu 66 na kitu kila mtu, wakati kadi yetu ya singo, ya mtu mmoja, ilikuwa elfu 50 na dabo, ya wawili, laki. Yani hata kila mtu angelipa kiwango cha chini bado kila anayeingia mlangoni ananipunguzia elfu 16, na hakuna mtu kwenye kamati nzima aliyewahi kufanya hiyo hesabu ya kugawanya, katika vikao 11. Yako ni milioni 22 kwa 350, karibu elfu 63 kila kichwa. Kadi yenu ya singo ni bei gani? Hujaandika.

Ukiogopa kwamba ukipunguza sherehe ndoa itaonekana haijakamilika, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21, hiari yenu wawili, mfungishaji anayetambulika na mashahidi wawili. Hata mahari isipokamilika ndoa inasimama kisheria. Hakuna kipengele cha matarumbeta. Shemeji yangu mdogo amefunga mwaka jana asubuhi kanisani, mchana chakula kwa watu 70 nyumbani kwao Kimara chini ya turubai, jioni wako kwao wamepumzika na hawadaiwi na mtu, na mke wangu alipotoka pale alilia kwenye bajaji njia nzima, hakusema kwa nini na mimi sikumuuliza.

Kuhusu MC na sendofu watakujibu wengine, mimi hapo sina msaada. Huo mkataba wa chakula upige picha unitumie piemu, ujumbe wa faragha, kabla ya Jumatatu, kurasa zote, tutafute pamoja kile kipengele cha idadi kiko siku ngapi. Niko macho mpaka saa sita.