Maswali ya Kazini: Wote wamepata 3, mmoja analalamika

SWALI: Nasimamia wachumaji 14 wa chai Mufindi. Kwenye fomu ya tathmini nimewapa wote alama 3 kati ya 5 ili kuepusha kelele. Sasa mchumaji hodari amekasirika, na meneja anataka nimwandikie barua mwingine ambaye kilo zake zilishuka Julai. Nifanyeje? – Msimamizi, Mufindi

JIBU: Ndugu msimamizi, kelele umezihamisha tu. Hizo 3 za wote zinamwambia hodari kwamba jasho lake halionekani.

Kuhusu Julai, tulia kwanza. Baridi ya Juni hadi Agosti hudumaza chai, kilo hushuka kwa kila mtu. Usiilinganishe Julai yake na Machi yake. Mlinganishe na wenzake wa kitalu hichohicho, wiki hiyohiyo. Kisha shika kiganja cha majani kutoka kapu lake, uhesabu: mangapi ni majani mawili na kichipukizi, mangapi yamekomaa? Mwenye kilo chache zilizo safi huenda anakufaa kuliko anayejaza kapu kwa majani magumu.

Ikiwa bado yuko nyuma, mwite faraghani na daftari la mizani mkononi. Muulize sababu, mkubaliane kiwango na muda wa kujirekebisha, wote wawili mtie sahihi, abaki na nakala. Kanuni za 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini zinataka apewe nafasi hiyo kabla ya kuachishwa.

Fomu zile 14 zijaze upya, safari hii ukiwa na daftari.