Bia hupikwa, tembo hugemwa: na pombe ya matofaa je?

SWALI: Ninaishi Marekani, na siku za mapumziko hujiburudisha kwa kutengeneza bia na pombe ya matofaa nyumbani, kwa kunywa mimi na rafiki zangu, jambo ambalo sheria ya huku inaliruhusu. Nikisema "nimepika pombe", mwenzangu kutoka Mombasa hunisahihisha kwamba pombe hugemwa. Nani kati yetu amekosea? Pia, pombe ikiwa tayari, niseme imechacha au imeiva?

JIBU: Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja anazungumzia kinywaji chake. Kugema ni kuukata mti ili utoe maji yake: mgema hupanda mnazi, akaikata ncha ya karara ambalo bado halijafunguka, akaning'iniza kibuyu, na yale maji, ndiyo tembo, huanza kuchacha yenyewe humo humo bila kuonja moto. Ndiyo maana wa Iringa nao hugema ulanzi kutoka kwenye mianzi, ilhali Mchaga hawezi kugema mbege, kwa kuwa ndizi zake huchemshwa kwanza, kisha zikachanganywa na kimea cha ulezi. (Methali ya mgema anayesifiwa husema tembo "hulitia" maji, nayo inatukumbusha kwamba tembo la kunywewa hufuata upatanisho wa li-ya, wala si wa yule mnyama.)

Bia yako, basi, imo upande wa mbege. Unaloweka kimea cha shayiri katika maji ya nyuzijoto 65 hivi za Selsiasi ili wanga ugeuke sukari, unachuja, halafu unachemsha maji hayo pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, kwa muda wa saa moja au zaidi. Hapo "nimepika bia" ni Kiswahili safi kabisa. Matofaa ni habari nyingine, maana huyaponda, ukayakamua na kuyatia chachu yakiwa mabichi, na ukiyachemsha kinywaji huelekea kubaki na ukungu. Kwa hayo sema "nimetengeneza" au, ukitaka kitenzi kinachotaja kazi yenyewe, "nimechachusha maji ya matofaa". Wapo wanaotaka kukiita kinywaji hicho "saida", kutoka "cider" ya Kiingereza, lakini hilo ni jina la dada zetu wengi, na wakikifupisha kuwa "sida" msikilizaji wa Bujumbura au Bukavu atafikiri unazungumzia UKIMWI, ambao kwa Kifaransa ndio huitwa hivyo. "Pombe ya matofaa" inatosha, ingawa Mzanzibari anaweza kukuuliza ni matofaa yapi, kwa sababu kwake tofaa ni pia lile tunda jekundu la kwao, lenye maji mengi.

Kuhusu kuchacha, ninakushauri utahadhari. Katika vitabu vya sayansi neno hili halina ubaya wowote, lakini jikoni maharage yaliyochacha ni ya kumwagwa, na mgeni akiambiwa bia imechacha anaweza kurudisha glasi. Tumia "inachacha" kwa siku zile inapotoa mapovu chomboni, na ikishatulia sema "imeiva". Tembo, kwa upande wake, huwa tamu asubuhi na kali jioni, na wanywaji hawahitaji neno jingine.

Umeandika pia, mwishoni mwa barua yako, kwamba unatia "hamira ya bia". Sioni kosa, kwa kuwa hamira ya mkate na ile ya bia nyingi ni za spishi moja, ingawa aina zake hutofautiana. Hata hivyo hamira kwa wasemaji wengi ni ile ya pakiti ya dukani, ilhali chachu ni pana zaidi: hata machicha ya pombe ya jana yanayotiwa katika pombe ya leo ni chachu. Ukihifadhi masimbi, yaani mashapo, ya chombo kimoja ili kuanzishia kingine, hiyo iite chachu.