Jibu: Nyumba ya kikoloni Uhindini, naruhusiwa kubomoa?

Mkuu, umeuliza kama hiyo nyumba ya babu pale Uhindini, Dodoma, ukiibomoa uweke ghorofa utashikwa. Iko hivi, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya zamani sana, ya kabla ya Wajerumani, sasa reli ya Mjerumani imefika Dodoma 1910 hivi, kwa hiyo nyumba kama yako imejengwa baadaye na haiingii humo mpaka waziri aitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Yaani asipoitangaza mlinzi ni mwenye nyumba mwenyewe, na hapa ni makao makuu ya nchi jamani! Kacheki na watu wa Idara ya Mambo ya Kale kama haijatangazwa, na kibali cha ujenzi cha jiji bado unakihitaji.

Ila mi nisingebomoa yote, acha upande wa mbele na baraza yake upangishe maduka, ghorofa ipande kwa nyuma. Na fundi asikupigie plasta ya saruji kwenye ukuta wa chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, mvua za Januari zikipita tu utaona plasta imevimba inabanduka na vipande vya ukuta. Plasta ya chokaa inachelewa kukauka na mafundi wake ni wa kutafuta, lakini ndo yenyewe.