Ukiruka Kajjansi, Entebbe iko hapo tu

Kutoka Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege karibu na Kampala, hadi uwanja mkubwa wa Entebbe kwa taksi, siku ya foleni, unaweza kumaliza pakiti nzima ya karanga njiani. Angani ni kama kilomita 20 tu. Ndege kubwa inayokuja kutua kwa mwendo wa noti 140, yaani karibu kilomita 260 kwa saa, huzimaliza kwa chini ya dakika tano. Wewe unayeanza urubani pale Kajjansi, ishike hesabu hiyo kabla hata hujajua kukata kona vizuri.

Kosa langu lilikuwa la kidole. Tulikuwa ndani ya ndege ndogo, Cessna 172, mimi na mwalimu wangu, ambaye chini tunaongea Kiswahili chetu cha Arua na redioni Kiingereza tu. Mwongozaji wa ndege akanipa kipimo kipya cha mgandamizo wa hewa cha kuweka kwenye altimita, chombo kinachoonyesha kimo: hektopaskali 1017. Nikakirudia redioni sawasawa kabisa, halafu vidole vikaweka 1007. Sindano ya altimita ikashuka karibu futi 300, ingawa ndege haikushuka hata kidogo. Mimi nikadhani tumezama, nikaongeza moto nipande. Mwalimu akagonga kioo kwa kalamu.

“Bwana mdogo, unapanda kwenda kwa nani?”

Ndege zinazoruka kwa vyombo, si kwa kutazama nje, hupishanishwa kwa futi 1,000, moja juu ya nyingine. Nilikuwa naelekea kula karibu theluthi ya nafasi ya namna hiyo, na redioni kila mtu ameridhika kwamba nimeelewa.

Tangu siku ile, nikishazungusha kitufe naondoa mkono, nasoma namba kwa sauti, kisha naitazama sindano. Hektopaskali moja ni karibu futi 30. Huku kwetu ikweta mgandamizo hubadilika kwa hektopaskali chache tu kutwa nzima. Sindano ikiruka futi 300 ghafla, laumu kidole, usiilaumu hewa.

Transponda nayo, kile chombo kinachojibu rada, usiisahau, na iwe inatuma kimo. Haijali ulichoweka kwenye altimita, hutuma kimo kwa kipimo kimoja cha 1013, kwa hiyo mwenye rada anaweza kukuona umepanda huku wewe ukijiona umetulia. Bila hicho kimo, hata TCAS, mtambo wa kuepusha migongano, wa ndege kubwa hauwezi kumwambia rubani wake apande au ashuke kukukwepa. Kuizima, eti ni safari fupi ya ziwani tu, ni ujeuri.

Na ukiwa mpakani mwa anga linaloongozwa na Entebbe, mwongozaji akakuambia redioni usubiri, hiyo si ruhusa ya kuingia, hata kama sauti ilikuwa ya upole na jina la ndege yako limetajwa. Zunguka hapohapo, juu ya alama unayoijua. Mafuta ya mizunguko miwili ni ghali, najua. Nimeshayalipia mara nyingi.