Kuhoji wakazi kabla ya kuondoa taka za sumu: jibu langu kutoka Kasese

Ndugu, umeuliza mambo matatu: muanze na nani, muulize nini, na kama ni halali kumlipa anayehojiwa. Umeeleza pia kwamba ghala lina dawa za kilimo zilizokwisha muda, nyumba za watu ziko ng'ambo ya barabara tu, na bosi wenu ameshaagiza mabango na kipindi cha redio. Nakujibu kwa niliyoyaona nikihoji wakazi wa bonde la mto Nyamwamba, huku Kasese, magharibi mwa Uganda, kabla ya kazi ya kuzuia mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yasiendelee kubebwa na maji.

Mabango yasimame kwanza. Mkihoji watu baada ya kuchapisha, hata mkisikia jambo kubwa hamtakuwa na pa kulitia. Marekani, ambako mwongozo wenu umetoka, kanuni zinazofuata sheria yao ya usafishaji ya 1980, ile wanayoiita Superfund, zinataka viongozi, wakazi na vikundi vya raia wahojiwe kabla ya uchunguzi kuanza uwanjani, kadiri inavyowezekana. Lengo ni kujua watu wana wasiwasi gani, wanahitaji habari gani, na wangependa kushirikishwa vipi na lini. Mpango wa mawasiliano unaandikwa kutokana na majibu hayo. Ukiugeuza utaratibu huo, umebakiza kazi ya kutangaza tu.

Nikupe mfano. Kilembe ilichimbwa shaba kuanzia 1956 hadi 1982, ikaacha zaidi ya tani milioni 15 za mabaki bondeni. Utafiti uliochapishwa 2016 ulipima maji, udongo, vumbi la ndani ya nyumba, hata kucha za miguu za wakazi, na karibu nusu ya sampuli za dodo, yaani mchicha, zilikuwa na madini ya risasi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo wataalamu wetu walikuja wamejiandaa kuzungumzia kobalti, shaba na risasi. Tukaanza kuzunguka. Mama mmoja, bustani yake ya dodo iko hatua chache kutoka kwenye mchanga wa mgodi, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hao wapimaji wenu watavaa nini?"

Tukamwambia ukweli: ovaroli nyeupe, barakoa na glavu. Akaweka jembe chini. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo ikaingia wilaya yetu, na kwa watu wa huku nguo nyeupe ndizo zilizochukua wagonjwa na kuzika maiti. Akasema wakionekana watu wa namna hiyo bondeni, yeye atachukua watoto aende mlimani kwa dada yake, na hatakuwa peke yake. Baada ya hapo tuliuliza kila nyumba kuhusu mavazi, na hofu ilikuwa ileile. Hakuna mtaalamu aliyekuwa ameiwaza. Tulipendekeza nguo zipelekwe kwanza kwenye uwanja wa shule, zivaliwe na kuvuliwa mbele ya watu, na wahudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT ambao watu wanawajua kwa majina, waeleze ni za nini. Nyinyi mnaofungasha dawa za sumu mtavaa mavazi mazito kuliko hayo. Ulizeni jambo hili mapema sana.

Kuhusu wa kuanza naye: mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, hilo halina mjadala. Ukipita bila yeye kujua, jioni utaitwa jasusi. Lakini akishakukaribisha, mshukuru na umwombe kwa heshima akuache utembee mwenyewe, maana akikuchagulia nyumba atakupeleka kwa watu wake, na akikaa kando yako mtu atajibu anachotaka mwenyekiti asikie. Nenda kwa mpangaji, siyo mwenye nyumba peke yake; mwenye nyumba huenda anaishi mjini na wala hanusi harufu ya ghala. Nenda steji ya boda boda, nenda kwa kina mama bombani, kwa mwalimu mkuu, kwa wazee wa kanisa na wa msikiti.

Halafu watafute wale wanaokula kutokana na taka yenyewe. Kwetu ni wachimba mchanga wa mgodi. Hawaji mkutanoni hata siku moja, kwa sababu wanajua mkutano utaishia kwa kuwakataza. Mmoja alikubali kuongea alipoona tumefunga daftari, na ndiye aliyetueleza mchanga unachotwa wapi, lori zinakuja saa ngapi, na kwamba nyumba kadhaa zilipigwa lipu kwa mchanga huohuo. Kwenu nadhani kuna mtu anayetumia madebe matupu ya ghala hilo kuhifadhia maji au pombe. Mtu huyo ni wa thamani kuliko wajumbe kumi. Msimtishe.

Maswali yaulize juu ya maisha. Ukimuuliza mtu kama anasikiliza redio, atasema ndiyo. Muulize mafuriko ya Mei 2020, yale yaliyobomoa hospitali ya Kilembe, habari zilimfikiaje: nani alimwambia, saa ngapi, kwa lugha gani. Hapo ndipo utajua redio anaondoka nayo mume, simu haina chaji, na aliyeokoa watu ni kijana aliyepiga kelele kutoka kilimani. Uliza siku ya soko na siku ya ibada. Huku Waadventista ni wengi, ukiitisha mkutano Jumamosi umewafungia mlango. Lugha nayo ichaguliwe na mhojiwa; kwenye kota za zamani za mgodi wazee wengi walitaka Kiswahili, juu mlimani Lukonzo.

Swali moja litakufuata kila mlango: "Mnatuhamisha lini, na fidia ni kiasi gani?" Watu wameshaona wenye madaftari wengi. Kama hujui, sema hujui na utaje ofisi yenye jibu. Usiahidi, na usimkwepe mtu kwa kusema hilo si swali la leo. Vivyo hivyo mtu akikuuliza kama maji yake ni salama, mpe matokeo yaliyopo wakati huohuo. Mahojiano si darasa, ni kweli, lakini kumwacha mzazi amnyweshe mtoto maji unayoyajua ni mabaya, eti usiharibu dodoso, ni dhambi. Katiba yetu, ibara ya 39, inampa kila raia wa Uganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na ya 41 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hamumfanyii hisani.

Majina yasiingie kwenye ripoti. Tuna sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019, na zaidi ya sheria, kijiji ni kidogo: ukiandika "mwanamke mjane karibu na daraja", umeshamtaja.

Malipo sasa. Jibu halinunuliwi, kwa sababu ukilipa mmoja, wa nyumba ya tatu atakutungia hadithi inayolingana na bei. Ila ukimwita mtu aje kwako, mrudishie nauli, kiasi kimoja kwa wote, na ukitangaze mbele ya mwenyekiti tangu mwanzo. Ukimfuata nyumbani, njoo saa ambayo hajashika jembe, na usizidishe saa moja. Walichotudai wao kuliko pesa ni kurudi. Tulirudi na karatasi moja tukaisoma kwa sauti palepale: haya ndiyo mliyotuambia, haya yameingia kwenye mpango, haya yamekataliwa na sababu ni hizi. Wakasahihisha mambo mawili kuhusu njia ya lori. Tengeni bajeti ya safari hiyo sasa hivi, kabla bosi hajaimalizia kwenye mabango.