Maswali ya Wasomaji: Binti Anaumwa Tumbo, Daktari Anazungumzia Hisia

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa Guangzhou, na ninamlea binti wa mume wangu, mwenye miaka 15, ambaye yuko mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini. Tangu muhula uliopita anaumwa tumbo na kichwa, halali vizuri, na siku nyingine hukataa kabisa kutoka chumbani. Vipimo vya tumbo havikuonyesha kitu. Hatimaye hospitali ya magonjwa ya akili imesema ana wasiwasi uliopitiliza pamoja na sonona, na imependekeza tiba ya utambuzi na tabia inayotilia mkazo hisia. Mama mkwe anasema mtoto amedekezwa na hajui kuvumilia. Mume wangu yuko kimya. Binti mwenyewe ukimuuliza anajisikiaje anajibu "kawaida tu." Je, tiba ya kuzungumzia hisia itamfaa mtoto asiyezungumza?
Mama wa kambo, Guangzhou

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na tumbo, kwa kuwa ndilo lililowafikisha hospitalini. Mwaka 1980 Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia kutoka Marekani, aliwachunguza wagonjwa 100 huko Changsha, mkoani Hunan, ambao walikuwa wameambiwa wana udhaifu wa neva, ugonjwa uliokuwa ukitajwa sana China enzi hizo. Wagonjwa 87 kati yao walikutwa na sonona kamili, ingawa walichokuwa wakilalamikia ni kichwa, uchovu na kukosa usingizi. Vijana wa leo wanajua mengi zaidi kuhusu afya ya akili, lakini bado si ajabu mtoto kupelekwa kwanza kwa daktari wa tumbo, na mimi siyaiti hayo maigizo. Mwili wa mtu mwenye wasiwasi huuma kweli: misuli hukaza, mmeng'enyo huvurugika, usingizi hukatika. Mama mkwe akielezwa kwamba tumbo linauma kweli, na kwamba chanzo chake kinatibika, huenda akasikiliza kuliko akiambiwa kuwa mjukuu wake ana huzuni.

Sasa tiba yenyewe. Msingi wake uliwekwa na Aaron Beck huko Philadelphia katika miaka ya 1960: mawazo, hisia na matendo huvutana, na mtu akijifunza kuyakagua mawazo yake na kubadili anachokifanya, hisia nazo hupungua makali. Philip Kendall wa Chuo Kikuu cha Temple, katika jiji hilohilo, aliwatengenezea watoto wenye wasiwasi programu ya vikao 16 hivi, ambayo nusu yake ya kwanza ni ya kujifunza mbinu na nusu ya pili ni ya kukikabili kinachoogopwa hatua kwa hatua. Mwaka 2006 Cynthia Suveg, Kendall na wenzao walichapisha jaribio dogo la awali la sura hii yenye kutilia mkazo hisia. Hoja yao ni kwamba mtoto mwenye wasiwasi halemewi na hofu peke yake. Hasira, huzuni, aibu na kujiona mkosaji navyo humpanda, na mara nyingi hajui kuvitenganisha wala afanye nini vinapompanda. Kwa hiyo mazoezi yaleyale aliyokuwa akipewa kwa ajili ya hofu hufanywa pia kwa hisia hizo nyingine.

Niruhusu nieleze kikao kinavyoweza kwenda, kwa sababu swali lako la ukimya linajibiwa humo. Mtaalamu anayeijua kazi yake haanzi kumuuliza binti wa namna hiyo anajisikiaje. Humpa karatasi yenye mchoro wa mtu na penseli za rangi, akamwomba apake rangi panapouma, kisha aandike pembeni ukali wa maumivu kuanzia 0 hadi 10. Binti anapaka tumbo, anaandika 8. Lilianza lini? Jumapili jioni. Nani alikuwepo? Baba, alikuwa anasoma simu. Anasoma nini? Ujumbe wa kundi la wazazi wa darasa, kuhusu alama za mtihani wa majaribio. Wizara ya Elimu ya China ilikwisha kupiga marufuku mwaka 2021 kutangaza alama na nafasi za wanafunzi wa elimu ya lazima, lakini hakuna waraka unaoweza kuwazuia wazazi wasiulizane.

Hapo "kawaida tu" inaanza kufumuka. Kuna hofu ya zhongkao, mtihani wa mwezi Juni unaoamua nani aendelee na sekondari ya juu ya masomo na nani aelekezwe shule ya ufundi. Kuna aibu mbele ya mashangazi. Kuna huzuni ya kuchoka. Na chini yake kabisa, mara nyingi, kuna hasira dhidi ya baba anayemlinganisha na binamu yake, hasira ambayo mtoto aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa hathubutu kuikiri hata kimoyomoyo; ikichomoza kidogo tu, anajiona mkosaji, na tumbo linakaza. Tiba ya kawaida ingeweza kulikamata wazo la "nitafeli" na kulijadili, ikalishinda kwa hoja, na tumbo likaendelea kuuma, kwa sababu hasira haikuguswa. Hii ndiyo sababu ninaipenda njia hii kwa kijana kama binti yenu: inampa ruhusa ya kuitambua hisia iliyokatazwa bila kumlazimisha amtamkie baba yake usoni.

Kisha huja mawazo, na hapa wataalamu wengi waliosomea kwenye vitabu vya Magharibi hujikwaa. Binti akisema, "Nikianguka nitakuwa nimewaangusha wazazi walionyima nafsi zao kila kitu kwa ajili yangu," wao huharakisha kumwambia aishi kwa ajili yake mwenyewe. Sikubaliani nao. Wajibu kwa wazazi ni thamani ambayo mtoto anaishikilia kwa dhati, na ukiishambulia utampoteza yeye pamoja na familia yake. Kinachokaguliwa ni hitimisho: je, alama za siku mbili au tatu za mwezi Juni ndizo kipimo pekee cha kuwalipa wazazi? Baba angechagua kipi, binti mgonjwa aliyeingia shule bora au binti mzima aliyeingia shule ya kawaida? Ikiwezekana baba mwenyewe aletwe kikaoni aulizwe hivyo, binti akiwa anasikia. Ukimya wake unaweza kuwa ni woga uleule unaomsumbua mwanawe.

Kuhusu kutozungumza: si kila ukimya ni dalili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha Wamarekani wenye asili ya Ulaya na Wachina wa Hong Kong, ukakuta kwamba kuficha hisia usoni kulihusiana na hali mbaya ya nafsi kwa Wamarekani lakini si kwa Wachina. Kwa hiyo lengo la tiba lisiwe kumgeuza binti kuwa msemaji. Inatosha ajue ndani yake kinachopita, aweze kukiandika, na awe na mtu mmoja wa kumwonyesha karatasi hiyo. Nyumbani acheni kumuuliza anajisikiaje, muulizeni, "Tumbo leo ni ngapi?" Akisema 6, usimwambie ajikaze wala usimpe hotuba. Mwambie umesikia, kisha kaa karibu.

Na mama mkwe usimpinge, mtumie. Nusu ya pili ya tiba ni kukaa ndani ya hali inayotisha bila kuikimbia: kuingia darasani kwa kipindi kimoja, halafu viwili, kukabidhi zoezi la hesabu lenye kosa aliloliacha makusudi na kungoja mwalimu aseme nini, kuketi mezani baba anapofungua simu. Hofu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Huo ni uvumilivu halisi, tena wenye ufundi, na bibi aliyepitia miaka migumu ya China anaufahamu kuliko daktari. Tofauti ni kwamba anayevumilia hivi anajua anachokivumilia. Jambo la mwisho: msikatishe vikao mara tu mtihani unapokwisha, hata kama tumbo limetulia, kwa sababu sonona hupenda kurudi na sekondari ya juu ina gaokao yake, mtihani wa kuingia chuo kikuu.

SWALI: Ninasoma saikolojia Wuhan. Je, imethibitika kwamba tiba inayotilia mkazo hisia ni bora kuliko tiba ya kawaida ya utambuzi na tabia?
Mwanafunzi, Wuhan

JIBU: Hapana, kwa wastani haijathibitika. Suveg na wenzake walizilinganisha mbili hizo katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, na watoto wa makundi yote mawili walipata nafuu bila kundi moja kuliacha jingine nyuma. Tena hao walikuwa watoto wa Marekani, wengi wao wadogo kuliko vijana unaowafikiria, na walichaguliwa kwa sababu ya wasiwasi. Kwa vijana wenye wasiwasi na sonona kwa pamoja ningekushauri usome pia kazi ya Jill Ehrenreich-May wa Miami, aliyeichukua itifaki (mwongozo wa tiba) ya David Barlow ya Boston, inayotibu hisia mbalimbali kwa mbinu zilezile, akaifanya ya vijana. Faida ninayoiona ni ya kiutendaji: mtaalamu hahitaji kuchagua atibu wasiwasi kwanza au sonona kwanza, wakati mtoto mwenyewe anavyo vyote siku ileile.

Usidhani, hata hivyo, kwamba China inapokea tu. Huko Changsha, Yang Desen na Zhang Yalin waliunda tiba ya utambuzi iliyojengwa juu ya mafundisho ya Kidao, falsafa ya kale ya China, inayomfundisha mgonjwa kupunguza ushindani na tamaa na kwenda na mkondo wa mambo. Katika utafiti wao wa mwaka 2002 kwa wagonjwa 143 wenye wasiwasi wa jumla, yaani usiofungwa na jambo moja, dawa za kutuliza zilileta nafuu ya haraka isiyodumu, ilhali tiba hiyo ilichelewa lakini baada ya miezi sita ndiyo iliyokuwa na matokeo. Sina hakika kama ningempa kijana wa miaka 15 mafundisho ya kupunguza ushindani wiki chache kabla ya zhongkao. Lakini inaonyesha kwamba hekima ya mahali inaweza kuingia ndani ya mbinu ya kitabibu na kupimwa kama dawa nyingine yoyote.

SWALI: Ninafundisha Kiingereza katika shule moja ya Beijing. Wanafunzi wote walijazishwa dodoso la sonona, na robo ya darasa langu ikaonekana iko hatarini. Je, mshauri nasaha wa shule anaweza kuwatibu hapohapo?
Mwalimu, Beijing

JIBU: Mwalimu, dodoso huchuja, halitoi hukumu. Septemba 2020 Tume ya Taifa ya Afya iliagiza uchunguzi wa sonona uingizwe katika upimaji wa afya wa wanafunzi, na ndiyo maana unaona karatasi hizo. Robo ya darasa lako haishangazi: ripoti ya Taasisi ya Saikolojia ya Chuo cha Sayansi cha China ilikuta kwamba mwaka 2020 vijana asilimia 24.6 walikuwa na alama za sonona, lakini waliofikia kiwango kikali walikuwa asilimia 7.4. Wengine wanahitaji usingizi, michezo na mtu mzima wa kuwasikiliza. Mshauri wa shule anaweza kuwafundisha darasa zima kutambua hisia na kupumua taratibu, na hilo ni jema. Kutibu ni jambo jingine. Sheria ya Afya ya Akili iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2013 inawakataza washauri nasaha kutoa tiba ya kisaikolojia au kutambua na kutibu magonjwa ya akili. Tiba hiyo inafanyika katika taasisi za afya, na utambuzi wa ugonjwa ni kazi ya daktari. Wale wa kiwango kikali wapelekwe hospitali pamoja na wazazi wao, na majina yao yasisomwe mbele ya darasa.

SWALI: Mwanangu wa kiume, miaka 16, ameandikiwa dawa pamoja na tiba. Naogopa dawa. Nichague tiba peke yake?
Baba, Shanghai

JIBU: Inategemea ugonjwa upi unatangulia na una ukali gani. Katika jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2008 kwa watoto na vijana wenye wasiwasi, tiba ya utambuzi na tabia peke yake iliwasaidia asilimia 59.7, dawa ya setralini asilimia 54.9, na zote mbili kwa pamoja asilimia 80.7. Kwa sonona ya wastani hadi kali picha ilikuwa tofauti: jaribio la mwaka 2004 lilikuta baada ya wiki 12 nafuu ya asilimia 43.2 kwa tiba peke yake, 60.6 kwa dawa ya fluoksetini, na 71 kwa vyote viwili. Kijana aliyezama katika sonona mara nyingi hana nguvu hata ya kufanya mazoezi ya tiba, na dawa humpa nguvu hiyo. Kwa hiyo usikatae kabla ya kumsikiliza daktari.

Hofu yako, hata hivyo, ina msingi mmoja: katika wiki za mwanzo za dawa hizi baadhi ya vijana hupata mawazo ya kujidhuru, hivyo dawa zikae mkononi mwako, si chumbani kwake, na umwangalie kila siku. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga kwa namna usiyoielewa, au kusema familia ingekuwa na nafuu bila yeye, muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali, na kama huna wa kukusaidia usiku piga 12356, laini ya taifa ya msaada wa kisaikolojia. Akiwa ameshajidhuru, piga 120 uite gari la wagonjwa.